Jirani wa Ukuta Mmoja

Mwaka 1977 mjini Arua, mtu aliyetaka kununua nyumba alikuwa na maswali yake ya kawaida. Paa linavuja? Maji yanafika juu? Karatasi zina jina la nani? Régine hakuuliza hata moja. Alikaa juu ya kigoda katika chumba cha nyuma cha duka la baiskeli, ambamo Marino Okuonzi alipokelea wateja wake tangu polisi walipomwambia akapumzike, akaweka mikono magotini.

"Papa Okuonzi, mi sitaki kujua kama majirani banapigana. Sitaki kujua kama banalewa. Nataka kujua kitu moja tu. Kama banapelekaka maneno."

"Wanapeleka kwa nani?"

Régine akamtazama tu. Okuonzi aliona haya, na alistahili kuona haya. Sajini mzima, miaka kumi na minane ya upelelezi, anauliza swali ambalo hata mbuzi wa Arua walijua jibu lake. Maneno yalipelekwa kwa wanaume wa miwani myeusi, na baada ya maneno lilikuja gari.

Mama huyu alikuwa Mkongo wa upande wa Aru, ng'ambo ya mpaka, muuza vitenge sokoni. Miaka miwili nyuma alikuwa akiishi Koboko na mumewe, Jacques. Siku moja redio ilikuwa inasoma hotuba ya Rais, Jacques akacheka. Alicheka mara moja, ndani ya nyumba yake, mlango umefungwa. Jirani wa ukuta mmoja alisikia. Gari lilikuja Jumatano, na tangu Jumatano ile Jacques hajulikani alipo, si kaburini wala jela. Régine na binti yake Thérèse walihamia Arua, wakawa wanalala katika stoo ya soko katikati ya marobota ya vitenge.

Sasa alikuwa amepata fleti. Ilikuwa ghorofani, vyumba viwili na jiko, katika jengo ambalo Mhindi mmoja aliliacha mwaka 1972, Wahindi walipofukuzwa, na kikombe cha chai kikiwa bado mezani. Muuzaji, bwana mmoja aitwaye Tahiru, alitaka jibu kufikia Jumamosi.

"Hii njo nyumba ya mwisho nitatafuta," Régine alisema. "Mara ya kwanza nilipoteza bwana. Nikikosea mara ya pili, niko na mtoto tu."

Okuonzi akachukua kofia yake. Ilikuwa Jumanne asubuhi.

*

Jengo lilikuwa la ghorofa moja, rangi ya krimu iliyobabuka, na ngazi ya saruji ubavuni. Juu kulikuwa na fleti mbili zilizopakana kwa ukuta mmoja na kutazama roshani moja. Ya kwanza kutoka kwenye ngazi ilikuwa ya Tahiru. Ya pili ilikuwa ya mjane aitwaye Hawah. Chini kulikuwa na duka la fundi cherehani, Saturnino, na mkewe Margaret. Watu wa kuchunguza hawakuzidi hapo, na Okuonzi alidhani kazi itamalizika kabla ya chakula cha mchana.

Alianza na fundi kwa sababu fundi cherehani hukaa mlangoni, na akaaye mlangoni huona. Alipeleka suruali ikazwe kiunoni. Saturnino alikuwa mtu mwembamba mwenye pini mdomoni, na pembeni ya cherehani kulikuwa na daftari la shule. Okuonzi hakukaa robo saa kabla ya kuona jambo lisilompendeza. Margaret alipita na debe la maji kichwani, akapanda ngazi kumpelekea mjane. Saturnino akachukua kalamu, akaandika. Akapita mtu mwingine na ndoo. Saturnino akaandika.

"Unaandika nini, fundi?"

"Kitu yangu tu."

Jibu hilo lilimkaa Okuonzi vibaya. Alisubiri mpaka fundi akaenda nyuma kutafuta mkasi, akalivuta daftari. Alitegemea kuona majina na saa. Alikuta majina, lakini pembeni yake kulikuwa na madebe. Bomba la jengo lilikuwa uani kwa Saturnino, maji yalitoka siku mbili kwa wiki, na asipoandika zamu, wapangaji walikamatana mashati. Tahiru, madebe matatu. Fundi, mawili. Hawah, manne.

"Umesoma yote?" Saturnino alikuwa amesimama nyuma yake, mkasi mkononi.

Okuonzi akacheka ili kufunika aibu. "Nimeona mjane anakushinda maji. Mtu mmoja, madebe manne?"

"Mjane anaoga sana," Saturnino alisema. Akarudisha pini mdomoni, akaendelea kushona.

Okuonzi akapanda juu. Mlango wa Hawah ulikuwa wazi nusu, ndani yake pazia zito la kijani. Akabisha, akasema yeye ni jamaa wa mama anayetaka kununua nyumba ya pili, amekuja kutoa salamu.

"Karibu, baba, lakini simama hapohapo," sauti ya mwanamke ilijibu nyuma ya pazia. "Mimi iko eda. Mwezi ya tatu hii."

"Pole sana, mama. Marehemu aliugua?"

"Maji ilimchukua. Rhino Camp, pale kivuko. Hatukupata mwili."

Jambo hilo Okuonzi alilisikia wakati ule. Asuman, dereva wa jeshi. Watu walinong'ona kwamba aliendesha lori moja usiku, la watu wasiorudi, na alipoambiwa kesho yake aendeshe la pili, akaacha ufunguo mezani akaondoka. Walimtafuta wiki mbili. Kisha viatu vyake vikaonekana ukingoni mwa Nile, wakaacha kutafuta.

"Jua ni kali," Hawah alisema. "Kunywa maji."

Mkono ukatoka pembeni ya pazia ukiwa umeshika kikombe cha bati. Okuonzi akapokea. Alinywa polepole, kwa sababu alikuwa akiutazama mkono uliobaki hewani ukingoja kikombe. Haukuwa na pete wala hina, kama eda inavyotaka. Lakini ngozi yake ilikuwa laini kupita kiasi, na rangi yake ya asali, mpaka kwenye kucha. Alikuwa ameiona rangi hiyo mahali fulani zamani, na hakukumbuka ni wapi. Akarudisha kikombe, akashukuru, akashuka akiwa na hasira na kichwa chake.

Wapelelezi wengi huchunguza nyumba kwa kuanzia mlango wa mbele. Okuonzi aliamini jaa. Nyuma ya ua kulikuwa na shimo la taka la jengo zima, na alikaa hapo na kijiti, ameshikilia leso puani. Maganda ya muhogo. Vitambaa vya fundi. Kisha vipande vya chungu kipana kilichovunjika, vyeusi ndani, na katikati ya majivu, vipande vitatu vya kuni ambavyo havikuungua vyote. Kuni zilikuwa nyekundu kwa ndani. Akaviinua puani, na mara moja akakumbuka mkono.

Mama yake mzazi alikuwa akikata kuni hizo kijijini Ludara na kuzipeleka Koboko kwa miguu. Hakuna aliyezipikia. Zilikuwa za talha, mgunga wa moshi mtamu, na wanunuzi wake walikuwa wanawake wa Kinubi, waliozichagua moja moja kama watu wanaochagua vito.

*

Haboba Medina aliuza talha, ubani na sandali karibu na msikiti. Kila mtu alimwita haboba, bibi, hata watu wasio wake. Alikuwa mnene, mwenye jicho moja zuri, na jicho hilo lilitosha.

"Kijana ya mama ya Ludara," alisema. "Umezeeka vibaya."

"Nakubali, Haboba. Hii ni yako?" Okuonzi akaweka kipande cha kuni mkekani.

"Yangu. Arua nzima, talha iko kwangu peke yangu."

"Nani hununua?"

"Mwanamke mwenye bwana. Atanunua nani mwingine? Unatia makaa ndani ya chungu, unatia talha, unakaa juu, blanketi mpaka shingo. Moshi inaingia ngozi. Ngozi inakuwa laini, inanukia, bwana anasahau njia ya baa." Akacheka mpaka kifua kikatikisika. "Mama yako hakukuambia? Alikuwa na haya sana."

"Na mjane? Mjane aliye ndani ya eda?"

Kicheko kikaisha. "Mjane hata mafuta ya manukato haramu. Akae juu ya moshi ya dukhan? Anajipambia nani? Malaika?"

"Labda anajipambia mume wake."

Haboba Medina akakiokota kile kipande cha kuni, akakitupa katika jiko lake la makaa. Wakakitazama wote wawili kikishika moto.

"Mimi sikuona kitu," alisema. "Hata wewe hukuona."

"Sikuona, Haboba. Lakini nataka kujua kama kuna mwingine ambaye hakuona."

Haboba akageukia wateja wake. Akamuuzia mtu ubani, akamrudishia chenji, akangoja aondoke.

"Wewe ni mtu ya pili kuuliza. Mke ya Tahiru alikuja mwezi iliyopita. Aliniuliza, nani pale kwa jengo yetu ananunua talha? Mimi nikasema, sijui. Lakini yeye ni Mnubi kama mimi. Ile harufu ikipita ukuta, utamdanganya namna gani?"

Okuonzi alirudi kwa miguu, akiwa hana raha. Alianza kazi akitafuta mtu anayesema, akaangukia mtu anayefichwa. Madebe manne ya maji yalikuwa ya watu wawili. Asuman hakuzama. Alikuwa nyuma ya pazia la kijani, na asubuhi ile huenda alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwenye kikombe cha bati.

*

Tahiru alimpokea Jumatano kwa mikono miwili. Alikuwa bwana mwenye kanzu safi na tabasamu lisilopumzika, na fleti yake ilikuwa imebaki na benchi, birika na mwangwi. Mke na vitanda, alisema, vilikwisha kwenda Koboko. Okuonzi akajitambulisha kuwa shemeji wa Régine, akaanza kugonga kuta na kufungua madirisha kama mtu anayejua nyumba.

"Kwa nini unauza, bwana Tahiru?"

"Baba yangu mzee. Koboko inaniita."

"Baba yako si alifariki? Nilisikia hivyo."

"Baba mdogo," Tahiru alisema bila kupoteza tabasamu. "Baba mdogo si baba?"

"Ni baba. Na majirani?"

"Jirani moja tu. Mjane, mtu ya dini, hapana kelele. Usiku kimya, mchana kimya."

"Mchana kimya, usiku kimya," Okuonzi alikubali. "Sasa tatizo la shemeji yangu ni mizigo. Marobota ya vitenge. Vyumba viwili vitamtosha?"

Hapo ndipo Tahiru alipofanya kosa lake. Alikuwa mfanyabiashara, aliona mteja anateleza, akamnyooshea mkono.

"Mwambie asiogope! Wiki ijayo ile vyumba ya upande wa pili itakuwa wazi. Mimi najua wakubwa. Nitaongea, atapata yote mbili."

"Itakuwa wazi wiki ijayo," Okuonzi alirudia.

"Kabisa. Anunue kwanza, Jumamosi. Ile ingine itafuata."

Okuonzi akatoa shukrani, akatoka, akashuka. Katikati ya ngazi akasimama, mkono ukutani. Mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi, na hukaa katika nyumba ya mumewe. Hahami. Hahamishwi hata na mwenye nyumba, watu wangemtemea mate mwenye nyumba huyo. Hawah alikuwa na zaidi ya mwezi mzima mbele yake, na Tahiru, mtoto wa msikitini, alilijua jambo hilo kuliko Okuonzi wa misheni. Kama alisema vyumba vitakuwa wazi wiki ijayo, basi alijua ni nani atakayevifungua, na kwamba hatabisha hodi.

*

Régine alisikiliza taarifa yote Alhamisi mchana, katika stoo, huku akikunja vitenge. Okuonzi hakumficha kitu. Alipomaliza akasema, "Kwa hiyo usinunue. Muuzaji ndiye mpeleka maneno."

"Yule mama," Régine alisema polepole. "Miezi tatu anaficha bwana yake. Ukuta moja na nyoka. Na hakusema kwa mutu."

"Hakusema kwa mtu."

"Huyo njo jirani nilikuwa natafuta." Akakunja kitenge kingine. "Umemwambia?"

"Mama, wewe ulinituma kujua. Nimejua, nimekuambia. Kazi yangu inaishia hapo."

Régine akaweka kitenge chini.

"Koboko kulikuwa mutu alijua. Gari ilikuja Jumatano, yeye alijua Jumatatu. Alikuja kuniambia kisha. Analia kabisa, machozi mpaka hapa. Akasema, mama, ningekuambia, lakini haikuwa kazi yangu."

Okuonzi akavua kofia. Aliitazama, akaona aibu ya kweli, ile inayopasha masikio moto.

"Lakini mi sielewi," Régine aliendelea. "Tahiru anajua tangu mwezi iliyopita. Kwa nini gari haijakuja? Anangoja nini?"

Hilo Okuonzi alikuwa amelifikiria usiku kucha, na alifurahi kuwa na jibu. "Anakungoja wewe. Gari likija leo, wakamtoa mtu pale akipiga kelele, nani atanunua fleti kesho? Atauza kwanza, ataondoka, halafu atasema. Wale watu hawangoji wiki. Kama angekuwa amesema, tungekuwa tumeshasikia."

"Kwa hiyo mpaka mi ninunue, hatasema."

"Mpaka ununue, au mpaka aone hununui. Akikata tamaa na wewe atatafuta zawadi ya wakubwa."

Régine akafikiri. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu Okuonzi amjue, akatabasamu, na lilikuwa tabasamu la soko.

"Basi nitanunua," alisema. "Nitanunua polepole sana."

*

Ijumaa, Tahiru alipokuwa msikitini, Régine alipanda kutoa rambirambi, na Okuonzi nyuma yake. Hakuna anayeshangaa wageni kwa mjane.

Hawah alikana kila kitu. Mume wake alikufa maji, alisema, viatu vyake vilionekana, waulize watu.

"Ni sawa," Régine alijibu pazia. "Bwana yangu, walisema amesafiri. Mi nilikuwa nakaa kama wewe, nasema uwongo yangu vizuri. Lakini wewe unachoma talha, dada. Bibi ya Tahiru alinusa. Tahiru anauza nyumba apate kwenda, kisha atawaita."

Nyuma ya pazia kitu kikasogea. Kisha sauti ya mwanamume ikasema, chini sana, "Hawah. Fungua."

Asuman alikuwa mrefu, na amepauka kwa kukosa jua, ndevu zimemfika kifuani. Alikuwa akilala nyuma ya kabati. Hawah alikuwa amekaa sakafuni, nguo nyeupe za eda zimemzunguka, analia bila sauti, kwa mazoea ya miezi mitatu.

"Ni mimi nimemuua," alisema. "Anakaa pale nyuma, hapana ongea, hapana kohoa. Nikaona anaanza kufa kweli. Nilitaka ajue bado iko na mke."

Régine akapiga magoti, akamshika mkono ule wa rangi ya asali. Okuonzi akageuka kutazama mlango, kwa sababu kulikuwa na haja ya kutazama mlango, na pia kwa sababu macho yake yalikuwa yameloa.

"Hajafa," Régine alisema. "Kaka yangu Gaspard iko na lori ya samaki. Kesho asubuhi itasimama nyuma kwa fundi. Thérèse atakuwa ndani. Sikia vile mutafanya."

Waliposhuka, Okuonzi alisimama kwa Saturnino kuchukua suruali yake. "Fundi, kesho mlango wako wa nyuma utakuwa wazi?"

Saturnino alikata uzi kwa meno, hakuinua macho. "Mlango ile komeo yake imeharibika siku mingi," alisema. "Haifungi."

*

Jumamosi saa tatu asubuhi Régine aliingia fleti ya Tahiru na kuanza kununua.

Alianza na mlango. Bawaba inalia. Aliufungua, akaufunga, akaufungua, akaufunga, kisha akauacha umefungwa. Dirisha la kwanza lilikuwa zuri lakini lilitazama jua. La pili halikutazama jua, je, nguo zitakauka wapi? Alimfanya Tahiru apande juu ya benchi kugusa dari. Alimfanya achutame kutazama sakafu. Okuonzi alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, shahidi wa mauziano, jasho likimtoka kwapani.

"Mama, ile bei tulisema wiki iliyopita," Tahiru alisema, bado juu ya benchi.

"Wiki iliyopita sikuona hii. Papa Okuonzi, tazama. Hii si ufa?"

"Ni ufa," Okuonzi alisema.

"Ni unywele!" Tahiru alilia. "Unywele ya brashi ya rangi!"

Nje, kwenye roshani, nyayo nyepesi zikapita. Kama mtu angechungulia, angemwona mwanamke wa Kikongo mwenye kitenge cha njano na beseni kichwani, wa kawaida kabisa, si mjane wa eda. Zikashuka ngazi. Tahiru hakusikia. Alikuwa akitetea ukuta wake.

Kisha zikaja nyayo nzito. Hatua ya kwanza, ya pili. Miguu iliyokaa miezi mitatu bila kutembea haijui kwenda kimya. Kitu kikagonga ukuta wa roshani. Tahiru akageuza kichwa.

"Nani huyo?"

Akashuka kwenye benchi. Okuonzi akainuka kutoka kwenye ndoo, hajui atafanya nini akishainuka.

"Ni mpagazi yangu!" Régine alisema kwa hasira. "Nilimwambia abebe gunia apande, ashuke, nione kama kabati itapita ngazi. Mungu wangu, sikia anavyogonga! Tazama, ngazi yenyewe nyembamba! Utapunguza kwa ngazi, bwana, hii si ya kucheka."

"Ngazi si nyembamba!"

"Mutu mwenye gunia anagonga ukuta, unasema si nyembamba?"

"Huyo mtu mpumbavu! Mimi nilipitisha kitanda ya sita kwa sita!"

Alienda hata hivyo, akafungua mlango, akatoka kwenye roshani kuthibitisha ngazi yake. Okuonzi alimfuata, akasimama begani kwake. Chini kabisa, mwanamume mrefu aliyenyolewa ndevu, gunia la samaki wakavu limemfunika kichwa na mabega, alikuwa anapinda kona ya duka la fundi. Tahiru alimtazama vizuri. Alitazama gunia, na upana wa ngazi, na nafasi iliyobaki pande zote mbili.

"Si unaona?" alimwambia Okuonzi kwa ushindi. "Imepita!"

Hakuna anayetazama uso wa mpagazi. Tahiru alirudi ndani akiwa amefurahi, na nyuma ya jengo lori la Gaspard likawaka.

Régine alibishana saa mbili zaidi. Alishusha, akapandisha, akasikitika, akaondoka mara tatu na kurudi mara tatu. Alimsifu Tahiru, akamtukana baba yake mdogo wa Koboko, akaomba chai, akasema chai ina moshi. Saa sita kasoro Margaret alipita kwenye roshani akiimba wimbo wa kanisa, na hiyo ilikuwa ishara waliyopatana kwamba dereva wa basi la Vurra ameliona lori la Gaspard likiwa limeshapita mpaka. Régine akasikia wimbo mpaka mwisho wa ubeti. Kisha akasimama, akajifunga kitenge vizuri.

"Sinunui," alisema.

Tahiru alikuwa na kalamu mkononi tayari. "Namna gani hununui? Bei umetaka, nimekupa! Nyumba iko na kosa gani?"

"Haina jirani."

"Haina jirani? Na mjane hapa..."

Akanyamaza. Tabasamu lake likaondoka taratibu, na Okuonzi aliona kwamba chini yake uso ulikuwa wa mtu mwoga tu. Tahiru akawapita mlangoni. Walikuwa wameshaanza kushuka walipomsikia akibisha kwa Hawah, kwanza kwa adabu, "Hodi, hodi, mama," kisha kwa ngumi.

"Atakusemea wewe," Régine alinong'ona.

"Aseme nini? Kwamba mtu waliyemtafuta alikuwa nyuma ya ukuta wake, na yeye alijua mwezi mzima akanyamaza ili auze nyumba? Akienda kwa wale watu leo, atalala kwao."

Saturnino alikuwa akishona. Hakuinua macho walipopita. Barabarani jua lilikuwa kali, na Régine alitembea haraka, hana begi, hana robota, kila alichokuwa nacho kilikuwa kimevuka asubuhi ile pamoja na binti yake. Stoo ya soko alikuwa ameirudisha kwa mwenyewe, maana baada ya leo hangeweza kulala Arua. Mbele yake kulikuwa na mwendo wa miguu mpaka Kongo kwa njia za mashambani, na huko hakuwa na nyumba pia.

Walipofika pembeni ya soko akasimama kumpa Okuonzi mkono. Akageuka kutazama jengo lile la krimu, madirisha mawili ya juu aliyoyatukana tangu saa tatu.

"Ilikuwa nyumba muzuri, Papa Okuonzi," alisema, akaanza kulia. "Ilikuwa nyumba muzuri sana."